Sir Isaac Newton na Aya Mbili za Kitabu cha Manasara

Jina la Sir Isaac Newton si geni kwa vijana wetu waliopita skuli. Wamefundishwa kwamba ndiye aliyetambua kuwa nguvu iangushayo tunda chini ya mti ndiyo ile ile iuzuiayo mwezi usitoke katika mzunguko wake, na kwamba ndiye aliyeupasua mwangaza wa jua kwa kipande cha kioo akazionyesha rangi zilizomo ndani yake. Hayo ni kweli, nayo yametosha kumfanya ajulikane dunia nzima. Lakini ni wachache mno wajuao kwamba mtu huyu aliutumia wakati mwingi wa umri wake katika kuvichungua vitabu vya dini yake, na kwamba katika uchunguzi huo alifikia jambo ambalo lau lingalijulikana siku zake, lingalimwondolea cheo chake na riziki yake. Jambo hilo alilificha mpaka akafa.

Khabari hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia hapa. Wengi katika sisi hupenda kujadiliana na Manasara mabarazani juu ya vitabu vyao bila ya kujua ni lipi lililothibitishwa na ni lipi la kusikia tu, na mjadala wa namna hiyo haumfai asemaye wala asikiaye. Ni afadhali tumtazame mmoja wao aliyelishika jambo hili kwa ilimu na subira.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1642 kwa hisabu ya kalenda iliyotumika Uingereza zama hizo, katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire. Baba yake alikuwa mkulima asiyejua hata kuliandika jina lake, naye alikufa miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Alipofika miaka mitatu mama yake akaolewa na padri wa kijiji cha jirani, na yule mtoto akaachwa kwa bibi yake. Yatima huyu akakua peke yake, mchache wa maneno, akipenda kuchonga vinu vidogo vya upepo na kuchora vivuli vya jua ukutani ili ajue saa. Mama yake aliporudi mjane alitaka kumfanya mkulima kama baba yake, lakini ng'ombe walikuwa wakipotea naye amekaa chini ya ua akisoma. Mwishowe akaachiliwa aende Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1661, na huko akaingia katika daraja la wanafunzi maskini, wale waliopata masomo yao kwa kuwatumikia wenzao wenye mali.

Nyumba aliyoingia pale Cambridge huitwa Trinity, maana yake Utatu. Msomaji aliweke jina hilo akilini.

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza, chuo kikafungwa, na Newton akarudi kijijini kwao. Katika miezi ile ya upweke ndipo alipoanza kuyafikiri yale makubwa yaliyomtukuza baadaye. Mwaka 1669, naye hajatimiza miaka ishirini na saba, akafanywa mwalimu mkuu wa hisabu katika chuo. Hayo yote yamekwisha andikwa na wenye ilimu hiyo, nasi hatutayarefusha.

Ama khabari yetu inaanzia kwenye sharti moja. Kanuni ya nyumba ya Trinity ilikuwa kwamba kila mwalimu aliyekubaliwa kuwa mshirika wake lazima, ikipita miaka kadhaa, awe padri wa Kanisa la Uingereza, na upadri haukupatikana ila kwa kukiri itikadi za Kanisa zote, ya kwanza yao ikiwa ni ile ya Utatu. Kwa Newton muda huo ulikuwa ukimalizika mwaka 1675. Basi akaanza kujitayarisha kama wajitayarishavyo wengine, lakini kwa tabia yake. Hakutosheka na kuyasoma yale yaliyofupishwa na waalimu. Alirudi kwenye asili. Akaisoma Biblia kwa lugha zake, akawasoma wazee wa Kanisa wa karne za mwanzo, Wayunani kwa Walatini, na khasa akazisoma khabari za ugomvi mkubwa uliotokea Misri na nchi za Mashariki katika karne ya nne, baina ya Arius na wafuasi wake, waliosema kwamba Masihi ameumbwa na yuko chini ya Mwenyezi Mungu, na Athanasius wa Iskandaria na wafuasi wake, waliosema kwamba ni sawa Naye katika dhati. Ugomvi huo ndio uliokusanyiwa baraza la maaskofu pale Nikea mwaka 325 mbele ya mfalme Constantine.

Alipotoka katika masomo hayo Newton hakuwa tena mtu wa Utatu. Aliamini kwamba Mungu ni mmoja tu, yule Baba, na kwamba kumwabudu mwingine pamoja Naye ni kuabudu sanamu. Upadri ukawa mbali naye. Alikwisha kata tamaa ya kubakia chuoni, ikatokea idhini ya mfalme Charles wa Pili mwaka huo huo wa 1675, kwamba mwenye kukishika kile kiti cha hisabu hatalazimishwa kuwa padri. Hivyo akapona pasina kusema neno lililo kinyume cha moyo wake, na pasina kusema lililomo moyoni. Akakaa miaka mingi katika nyumba iitwayo Utatu naye hauamini.

Hapa yatupasa tuseme wazi ili tusije tukamdhulumu mtu aliyekwisha kufa. Newton hakuwa Mwislamu, wala hakukaribia kuwa. Aliamini kusulubiwa na kufufuka kwa Nabii Isa (A.S.), akamwita Mwana wa Mungu kwa maana ya kutukuzwa, na akaamini kwamba alikuwako kabla ya kuzaliwa. Tumepata kusikia katika mabaraza yetu watu wakimtaja kama kwamba alisilimu kwa siri. Hilo halina asili. Lililo kweli ni kwamba alikuwa Mnasara aliyekataa nguzo moja ya madhehebu yaliyomzunguka, kwa sababu aliitafuta dalili yake asiipate.

Katika mwaka 1687 kilitoka kile kitabu chake kikubwa cha Kilatini juu ya mwendo wa vitu na wa nyota, na sifa yake ikaenea Ulaya yote. Muda mchache baadaye alijuana na mwanafalsafa John Locke, aliyerudi Uingereza mwaka 1689 baada ya kuishi uhamishoni Uholanzi. Wawili hawa walipatana kwa sababu kila mmoja aliona katika mwenzake mtu wa kuweza kuambiwa. Na mwezi wa Novemba mwaka 1690 Newton akampelekea Locke waraka mrefu, nao ni kitabu kamili kwa urefu wake, juu ya aya mbili za Agano Jipya ambazo kwa kauli yake ziliharibiwa na mikono ya wanadamu.

Aya ya kwanza imo katika waraka wa kwanza wa Yohana, mlango wa tano. Katika Biblia ya Kiingereza waliyokuwa nayo watu wa siku hizo palikuwa na maneno yanayosema kwamba mbinguni wako mashahidi watatu, Baba na Neno na Roho, na kwamba hao watatu ni mmoja. Kisha ndipo huja mashahidi watatu wa duniani, roho na maji na damu. Hapana mahali pengine katika Biblia nzima ambapo Utatu umetajwa kwa uwazi namna hiyo. Ni wazi basi kwa nini watu waliishikilia.

Namna alivyoichungua ndiyo iliyotupendeza sisi tuliosoma kidogo ilimu ya Hadithi. Hakuanza kwa kuuliza kama maneno hayo yanapatana na akili. Alianza kwa kuuliza ni nani aliyeyapokea, na kutoka kwa nani, na tangu lini. Akazitafuta khabari za nuskha za Kiyunani, maana waraka huo uliandikwa kwa Kiyunani, akaona kwamba nuskha za zamani hazina maneno hayo. Akazitazama tafsiri za kale zilizofanywa kwa Kisuryani, na kwa lugha ya Habushi, na ya Armenia, akakuta nazo hazinayo. Kisha akatoa hoja ambayo kwa kweli ni nzito kuliko zote: wakati wa ugomvi ule wa Arius, maaskofu walipekua kila neno la kitabu ili wapate silaha, wakatoa aya dhaifu na za mbali, na hii iliyo wazi kama jua hakuna aliyeitaja. Mtu mwenye upanga mkali kiunoni hapigani kwa kijiti. Ikiwa hawakuitumia, ni kwa sababu hawakuwa nayo.

Basi maneno yalitoka wapi? Newton alionyesha kwamba baadhi ya wazee wa Kanisa la Kilatini, tangu Cyprian wa Carthage katika karne ya tatu, waliifasiri ile roho na maji na damu kuwa ni ishara ya wale watatu. Ilikuwa tafsiri tu. Kisha tafsiri ikaandikwa, na iliyoandikwa kando ikaingia ndani, na iliyoingia ndani ikasomwa kanisani kama neno la mtume. Kila anayezijua nuskha za mkono anafahamu jinsi jambo hilo litokeavyo. Mwandishi huona maneno pambizoni, hajui kama ni sherehe ya mwanachuo au ni maneno yaliyosahauliwa na mwandishi wa kabla yake, na kwa kukhofu asipoteze kitu akayatia.

Na pia akaeleza jinsi yalivyopata kuingia katika Kiyunani baada ya karne nyingi. Mwanachuo wa Kiholanzi Erasmus alipoitoa kwa chapa Injili ya Kiyunani mwaka 1516 aliyaacha maneno hayo, kwani hakuyaona katika nuskha zake. Akashutumiwa vikali kwamba anaufungulia mlango uzushi. Alipotoa chapa ya tatu mwaka 1522 aliyatia, baada ya kuletewa khabari ya nuskha moja ya Kiyunani iliyoonekana Uingereza nayo inayo. Nuskha hiyo ingaliko hadi leo mjini Dublin, na wataalamu wanakubali kwamba iliandikwa karibu na siku zile zile za ubishi. Kwa mlango huo mwembamba maneno yakapita mpaka yakafika katika Biblia za mataifa mengi.

Aya ya pili imo katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Timotheo, mlango wa tatu. Hapa ubishi ni juu ya neno moja. Biblia za siku zile zilisema kwamba ni Mungu aliyedhihirishwa katika mwili. Newton akasema kwamba asili ilikuwa ni yule, au lile, lililodhihirishwa. Tofauti ya maana ni kubwa kama mbingu na ardhi, lakini tofauti ya khati ni ndogo kuliko ukucha. Waandishi wa kale wa Kiyunani walifupisha jina la Mungu kwa herufi mbili na kuweka mstari juu yake. Herufi ya kwanza ni duara lenye mstari mdogo katikati. Ondoa mstari huo wa katikati na ule wa juu, na neno linakuwa yule. Viweke vistari viwili vya kalamu, na yule anakuwa Mungu. Tafsiri za kale za Kilatini na Kisuryani hazikuwa na jina la Mungu mahali hapo, na Newton aliona kwamba badiliko hilo lilitokea Constantinople mwanzoni mwa karne ya sita.

Msomaji wetu asifikiri kwamba Newton aliandika hayo kwa furaha ya mwenye kushinda. Aliyaandika kama mtu anayeitoa takataka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliona kwamba waliotia maneno hayo waliitakia dini yao kheri, na kwamba kheri ya namna hiyo ni khiana. Nasi tusicheke, kwa maana haya yametufika. Wanachuoni wetu wa Hadithi wanasimulia khabari za Nuh bin Abi Maryam wa Merv, aliyezua Hadithi juu ya fadhila za sura moja moja za Kurani, na alipoulizwa akasema kwamba amewaona watu wameiacha Kurani akataka kuwarudisha. Imamu Ibn al-Jawzi, aliyekufa mwaka 1201, alilazimika kukusanya kitabu kizima cha Hadithi za kuzuliwa. Na hata leo katika miji yetu Hadithi hizo husomwa juu ya membari na watu wakalia. Tofauti ni kwamba sisi tumerithi mizani ya sanadi, na mwenye kutaka aweza kuitumia. Asiyeitumia ana udhuru gani mbele ya Mnasara aliyeitumia bila ya kufunzwa?

Turudi kwenye waraka. Makusudio yalikuwa kwamba Locke aupeleke Uholanzi ufasiriwe na kupigwa chapa huko bila ya jina la mwenyewe. Locke akaunakili kwa mkono wake, akaupeleka kwa mwanachuo Jean Le Clerc aliyekuwa Amsterdam. Le Clerc alifurahi nao, akawa tayari kuutoa. Hapo Newton akashikwa na khofu. Mwezi wa Februari mwaka 1692 akamwandikia Locke kumwomba asimamishe kufasiriwa na kupigwa chapa mara moja, akaahidi kwamba kama kuna gharama iliyokwisha tumika yeye ataulipa mzigo huo.

Khofu yake haikuwa ya bure. Sheria ya mwaka 1689 iliyowapa uhuru Waprotestanti wasiofuata Kanisa la serikali iliwatoa wazi wale wanaoukana Utatu. Mjini Edinburgh, mwezi wa Januari mwaka 1697, kijana mwanafunzi wa miaka ishirini, Thomas Aikenhead, alinyongwa kwa kosa la kufuru, na katika mashtaka yake mlikuwa na kuukana Utatu. Bunge la Uingereza nalo likatoa sheria kali katika miaka hiyo hiyo, ya kumvua cheo na kisha kumfunga aliyelelewa katika Unasara akaukana Utatu kwa kusema au kwa kuandika. Sheria hiyo haikuondolewa katika jambo la Utatu mpaka mwaka 1813.

Na la ajabu ni kwamba katika waraka huo huo wa kuomba kazi yake ifichwe, Newton alilijibu suali jingine la Locke, nalo ni juu ya miujiza. Locke siku hizo alikuwa akijibizana na padri mmoja wa Oxford, Jonas Proast, aliyekuwa akitetea kwamba ni haki ya serikali kutumia nguvu kuwatia watu katika dini ya kweli. Katika hoja zake alisema kwamba zamani dini ilisaidiwa na miujiza, na miujiza ilipokoma mkono wa mtawala ukachukua nafasi yake. Basi Locke alitaka kujua miujiza ilikoma lini. Newton akajibu kwamba miujiza ya kuaminika iliendelea katika Kanisa kiasi cha miaka mia mbili au mia tatu, akamtaja Gregory aliyepewa lakabu ya mtenda miujiza kuwa ni katika wa mwisho waliojulikana kwa kipawa hicho, na akaongeza kwamba tarikhi ya zama hizo ina mapengo mengi.

Msomaji aitazame hali hiyo. Mtu anazungumza juu ya hoja ya kwamba upanga umerithi kazi ya muujiza, na huku upanga huo huo ndio unaomfanya aufiche waraka wake.

Newton hakuwa mkanushaji wa miujiza kama baadhi ya waliomfuata katika karne ya kumi na nane, waliotumia jina lake kuthibitisha kwamba ulimwengu ni saa iliyotiwa ufunguo ikaachwa. Yeye aliona kwamba kuchomoza kwa jua ni kazi ya Mungu sawasawa na kupasuka kwa bahari, na kwamba tunaliita jambo muujiza kwa sababu hutokea kwa nadra na hutushangaza, si kwa sababu Mungu yumo ndani yake zaidi. Locke naye, katika makala aliyoiandika mwaka 1702 ikachapishwa baada ya kufa kwake, alisema kwamba kazi ya muujiza ni kuwa hati ya mjumbe, ya kuonyesha ametumwa na nani. Kauli hiyo inakaribia sana ile ya maulamaa wetu wa ilimu ya Tawhidi, wanaosema kwamba muujiza ni jambo la kuvunja ada linalofungamana na dai la Unabii, ili liwe ni ushahidi wa ukweli wake. Ukiuondolea dai hilo haubaki kuwa muujiza.

Kwa sababu hiyo Newton aliikasirikia miujiza isiyokuwa na ujumbe. Katika maandishi yake juu ya Athanasius alimlaumu kwamba kwa kitabu alichokiandika juu ya maisha ya mtawa Antony wa Misri alizifungulia njia hekaya za ajabu ajabu. Na katika kitabu chake juu ya utabiri wa Danieli, kilichotolewa mwaka 1733 yeye amekwisha kufa, alieleza kwa urefu jinsi katika karne ya nne mifupa ya mashahidi ilivyoanza kuhamishwa kutoka makaburini, ikatiwa makanisani, ikanasibishiwa kuponya wagonjwa na kuwafukuza mashetani, mpaka watu wakawa wanawaomba waliokufa. Aliona kwamba kuharibika kwa maneno ya kitabu na kuharibika kwa ibada kulikwenda pamoja, katika karne moja na mikononi mwa watu wale wale. Anayeujua mwambao wetu, na vitambaa vifungwavyo juu ya baadhi ya makaburi yetu, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo moja linalofungamana na haya mawili, tulitaje kwa kupita. Aya kumi na mbili za mwisho za Injili ya Marko, ambazo ndani yake waumini wameahidiwa ishara kama kushika nyoka na kunywa sumu wasidhurike, hazimo katika nuskha mbili za Kiyunani zilizo kongwe kuliko zote, zote za karne ya nne. Hata hivyo katika milima ya Marekani kumekuwako tangu mwanzo wa karne ya ishirini makanisa madogo yanayoshika nyoka wa sumu katika ibada kwa kuzitegemea aya hizo, na watu wamekufa.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya cheo. Mwaka 1693 aliugua akili kwa muda, akamwandikia Locke maneno mabaya kisha akamwomba radhi. Mwaka 1696 aliitwa London kuisimamia nyumba ya kupigia sarafu ya serikali, mwaka 1703 akawa mkuu wa jumuiya ya wataalamu iitwayo Royal Society, na mwaka 1705 malkia Anne akampa daraja ya Sir. Aliyerithi kiti chake Cambridge, William Whiston, alikuwa na itikadi kama yake, lakini yeye aliitangaza. Mwaka 1710 Whiston akafukuzwa chuoni. Newton aliyajua yote, na hakufungua kinywa kumtetea.

Tumhukumu vipi? Wapo watakaosema alikuwa mwoga, na hatuwezi kusema kwamba hapana ukweli ndani yake. Kijana wa miaka ishirini alinyongwa, Whiston akapoteza riziki, na mkubwa wao wote akakaa katika majlisi za wakuu. Lakini mtu aliyekaa na khofu yake miaka hamsini asikubali upadri wala kuandika neno la kuusifu asichokiamini, hakosi sehemu yake ya ushujaa. Alikufa mwezi wa Machi mwaka 1727, na jamaa zake waliokuwako wakasimulia kwamba alikataa kupewa sakramenti ya Kanisa kitandani pake. Akazikwa katika kanisa la Westminster pamoja na wafalme.

Waraka ule ulitoka mwaka 1754 kwa nuskha pungufu isiyokuwa na mwanzo wala mwisho, na ukapigwa chapa kamili mwaka 1785. Utafiti wa baadaye umemthibitisha katika jambo kubwa na kumsahihisha katika madogo. Alimtuhumu mfasiri Jerome kuwa ndiye aliyeyatia maneno ya mashahidi wa mbinguni katika Kilatini, kwa kutegemea dibaji yenye jina la Jerome. Leo inajulikana kwamba dibaji hiyo si yake, na kwamba maneno yanaonekana kwanza Uhispania mwishoni mwa karne ya nne. Ama nuskha ya Sinai, iliyoonekana katika karne ya kumi na tisa, haina maneno hayo, na katika waraka wa Timotheo mwandishi wake wa kwanza ameandika yule. Biblia ya Kiingereza iliyosahihishwa, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1881, iliyaondoa maneno ya aya ya kwanza na kulibadili neno la aya ya pili, na waliofanya hivyo walikuwa ni maaskofu na waalimu wa Kanisa lenyewe, wengi wao wakiendelea kuamini Utatu kwa dalili nyingine. Na kabla ya hapo, mwaka 1854, katika munadhara wa mji wa Agra huko Bara Hindi baina ya Sheikh Rahmatullah Kairanawi na padri Pfander, padri huyo alikwisha kukubali mbele ya watu kwamba maneno ya Yohana ni katika mahali palipobadilishwa.

Ama yale maandishi yake mengine ya dini, zaidi ya maneno milioni moja, yalitazamwa na daktari mmoja baada ya mazishi, na mengi yakaandikiwa juu kwamba hayafai kuchapishwa. Yakakaa katika nyumba ya jamaa zake kwa karne mbili. Cambridge ilipopewa nafasi ya kuyachukua, ilibakisha ya hisabu na mwaka 1888 ikayarudisha ya dini. Mwaka 1936 yakauzwa mnadani London kwa thamani ndogo, na sehemu kubwa ya yale ya dini ikanunuliwa na Abraham Yahuda, Myahudi mzaliwa wa Baitul Muqaddas na mwanachuo wa lugha ya Kiarabu aliyekusanya nuskha nyingi za Kiislamu. Alikufa mwaka 1951, na tangu mwaka 1969 karatasi hizo zimo katika maktaba ya mji huo alikozaliwa, ambako mtu aweza kuiona khati ya Newton mwenyewe, ndogo na ya kubanana, na mahali alipoyafuta maneno na kuyaandika tena.